Watashuka Jumapili Saa Nane

Karatasi zilikuwa kumi na moja, na zote Mukasine aliziandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu nene nyekundu aliyoazima kwa mwalimu wa jirani. Moja aliibandika penye soko, mbili kwenye nguzo za umeme za barabara ya kwenda Rubona, moja kwenye mlango wa kinu cha Mbarushimana, na zilizobaki akazitawanya katika mtaa wake huko Rubavu, pembeni mwa mji wa Gisenyi, pale nyumba zinapokoma na mashamba ya maharagwe yanapoanza kupanda kilima. Maneno yalikuwa yale yale kila mahali, juu kwa Kinyarwanda, chini kwa Kiswahili: WATASHUKA. JUMAPILI SAA NANE. USIKOSE.

Hakuandika kwamba ni filamu. Hakuandika jina lake. Mahali angepataja Jumamosi jioni, kwa karatasi nyingine, watu wakiwa wameshashikwa na hamu.

Shauri hilo lilikuwa la Jack, binamu yake wa Goma, muuza kaseti za video. "Dada, usiandike kama iko filamu," Jack alimwambia. "Batu bakishajua, basi, hawana tena na hamu. Acha bajiulize. Ni banani batashuka? Batashukia wapi? Siku ya yenga, hiyo Jumapili, nyumba itajaa mpaka inje."

Ulikuwa mwezi wa nne, mwaka 1998. Mgeni atashangaa mwanamke mwenye akili zake alibandikaje maneno hayo Gisenyi, mwaka ule. Huko milimani walikuwako watu wenye silaha ambao hakuna aliyependa kuwataja. Mtu alisema tu "wale wa juu", kisha akabadilisha mazungumzo. Wakishuka, walishuka kweli, na asubuhi yake kulikuwa na vilio. Watu walifunga milango kabla jua halijazama, na ndoo ikianguka nyumba ya pili, mtaa mzima ulinyamaza kusikiliza.

Mukasine alilijua hilo kuliko wengi. Kaka yake Hitimana, fundi wa redio, alipanda basi dogo la Ruhengeri mwezi wa kumi na moja kwenda kutafuta vipuri. Basi lilionekana, limeungua. Watu hawakuonekana. Hitimana alimwachia dada yake televisheni, deki ya video, mabenchi manne, na ukurasa mmoja uliochanwa kwenye gazeti la Kifaransa la mwaka 1995.

Ukurasa huo ulikuwa na picha ya anga jeusi na maandishi yaliyosema kwamba inatengenezwa filamu ambayo dunia haijapata kuiona: viumbe kutoka nyota ya mbali watashuka, na hakuna atakayetoka ukumbini akiwa mtu yule yule aliyeingia. Hitimana aliusoma mpaka mikunjo yake ikatoboka. Kila jioni alimsimulia dada yake filamu hiyo ambayo hakuwahi kuiona, na kila jioni aliongeza kitu. Kwa hiyo Jack alipotuma habari kwamba kaseti imefika Goma, Mukasine hakufikiria milima hata kidogo. Alichowaza ni kwamba kaka yake aliingoja miaka miwili, na sasa yeye ataiangalia kwa niaba yake.

Ijumaa asubuhi alimwona jirani yake, bibi Nyirahabimana, akitoka na mkeka kichwani na wajukuu wawili nyuma yake.

"Naenda," bibi alisema kwa Kinyarwanda, hakusimama.

"Safari njema, mukecuru," Mukasine akamjibu kutoka uani, mikono ikiwa ndani ya maji ya kufulia. Alidhani anakwenda kumwona binti yake Rubona.

Jumamosi alivuka Grande Barrière, mpaka wa kuingia Goma, mapema pamoja na akina mama wa biashara. Jack alimkabidhi kaseti imefungwa kwa gazeti. Ubavuni alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: WATASHUKA.

"Umeshaiangalia?" Mukasine akamuuliza.

"Mi? Sijapata wakati. Lakini banasema kule Nairobi batu bengine balizimia. Muvulana moja alikimbia mpaka kwabo bila viatu. Dada, hii haiko filamu, hii iko kintu ingine."

Aliificha kaseti chini ya beseni, ikafunikwa na majani ya muhogo, sombe, mafungu mazima. Hakuwa na nia mbaya. Mwezi uliopita askari mmoja alikuwa "ameazima" kaseti yake na mpaka leo hajairudisha. Mpakani alipita bila neno. Alikuwa amebakiza dakika kumi kufika kwake alipokuta kamba imekatisha barabara, mahali ambapo jana yake hapakuwa na kizuizi.

Askari kijana aliyekuwa pale aliitwa Manzi. Mwenzake alimwita hivyo. Alikuwa na fimbo nyembamba ya chuma, na kila beseni lililopita aliichomeka ndani. Kwenye unga ilizama. Kwenye nyanya hakuichomeka, alizigeuza kwa mkono. Kwenye sombe ya Mukasine ikagota: *to*.

Wote wawili walisikia. Manzi akamtazama usoni kwanza, ndipo akaingiza mkono.

"Ni nini hii, mama?"

"Iko filamu tu, Afande."

Manzi akafungua gazeti, akasoma ubavu wa kaseti. Mukasine aliona midomo yake ikitamka lile neno kimyakimya, kisha rangi ya uso wake ikabadilika. Kijana hakupiga kelele. Alirudi hatua moja nyuma, akaweka vizuri mkanda wa bunduki begani, akasema taratibu, "Weka beseni chini. Usikimbie."

Walimpeleka kwenye nyumba ya matofali karibu na ziwa, iliyoachwa na mwenyewe na kugeuzwa ofisi. Njia nzima Mukasine alijitahidi kutembea kama mtu asiye na kosa, na kadiri alivyojitahidi ndivyo miguu ilivyomgomea. Watu waliokuwa wakimsalimu kila siku waligeuza nyuso zao ukutani.

Ndani, nyuma ya meza, alikaa Luteni Rutayisire, mwanamume mwembamba wa miaka kama thelathini na mitano, aliyezaliwa na kukulia Tanzania. Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kilichonyooka, na alikipenda kuliko Kinyarwanda. Mezani kulikuwa na karatasi zimepangwa moja juu ya nyingine. Ya juu kabisa ilikuwa na tope pembeni. Mukasine alizitambua herufi zake nyekundu, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, aliyasoma maneno yale kwa macho ya mtu mwingine.

WATASHUKA. JUMAPILI SAA NANE.

Alitaka kukaa, lakini hakuna aliyemwambia akae.

"Tunazo tisa," alisema Luteni. "Ziliandikwa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Nani aliandika?"

"Ni mimi, Afande."

Luteni hakutegemea jibu jepesi hivyo. Akaweka kalamu chini. "Wewe. Vizuri. Sasa niambie, mama. Nani watashuka?"

"Bale ba mu nyota."

"Nyota ni nani? Ni jina la kamanda?"

"Hapana, Afande! Nyota. Za yulu. Za usiku." Alinyoosha kidole kwenye dari. "Iko filamu. Bantu ba nyota banashuka kwa dunia. Minaapa mbele ya Mungu."

"Kama ni filamu, kwa nini hukuandika neno filamu?"

"Ili batu bakuwe na hamu."

"Na kwa nini kaseti ilikuwa chini ya sombe?"

Hilo jibu lake alikuwa nalo, lakini kumwambia ofisa kwamba askari huiba kaseti halikuwa jambo la kutamka mahali pale. Akanyamaza. Luteni akaandika ule ukimya kwenye daftari, mstari mzima.

"Haya," alisema. "Tutaiangalia. Mwanzo mpaka mwisho, na wewe ukiwepo. Kama wanashuka kutoka kwenye nyota, nitawaona."

Televisheni na deki vililetwa. Mukasine alipewa kiti chenye mguu mmoja mfupi kuliko mingine, kila akijisogeza kinagonga sakafu. Manzi, aliyesoma Uganda na kujua Kiingereza, aliwekwa mlangoni kutafsiri. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa inajiandaa, na chumba kilikuwa cha kijivu.

Kioo kikatoa chenga, kisha anga jeusi. Muziki mzito ukapanda. Moyo wa Mukasine, pamoja na hofu yote, uliruka: lilikuwa ndilo anga la ule ukurasa. *Hitimana, ona,* alisema moyoni.

Kisha ikaja korido.

Ilikuwa korido ndefu ya kijivu yenye milango mingi, na watu wanne waliovaa nguo nyeupe za kubana walisimama ndani yake wakizungumza. Wakaingia mlango mmoja, wakakaa mezani, wakazungumza. Wakatoka, wakazungumza tena koridoni.

"Wanasema nini?" Luteni akauliza.

"Wanasema baraza lazima likutane, Afande."

Baada ya robo saa: "Na sasa?"

"Baraza limekutana. Limekataa."

"Limekataa nini?"

"Kukutana tena."

Mara moja walionyesha chombo cha angani, na Mukasine akainama mbele. Kilikuwa kama mfuniko wa sufuria unaopita mbele ya kitambaa cheusi. Kilipita kutoka kushoto kwenda kulia. Baadaye kidogo kikapita tena, kile kile, na safari hii uzi wake ulionekana. Kisha wakarudi koridoni. Mmoja wa wale weupe, kumbe, ndiye kiumbe wa nyota: alijulikana kwa masikio ya mpira, na sikio la kulia lilikuwa limebanduka kwa nyuma.

Mukasine hakujua aangalie wapi. Akiangalia kioo, alimwona kaka yake akidanganywa. Akimwangalia Luteni, aliona uso unaokauka dakika hadi dakika. Kila alipotumaini kwamba sasa, sasa hivi kitu kitatokea, mlango wa korido ulifunguka, akatoka mtu mwingine wa kuzungumza. Luteni alikuwa ameanza kuandika.

Filamu ilipofika katikati, umeme ukakatika.

Mvua ikaanza kupiga bati. Ndipo Luteni akauliza, bila kupandisha sauti, "Kaseti umeitoa wapi?"

"Goma."

"Kwa nani?"

Mukasine alifikiria kusema amenunua njiani kwa mtu asiyemjua. Alifikiria pia kwamba wanaosema hivyo huulizwa mara ya pili kwa namna nyingine. Jack alikuwa na mtoto wa miezi mitatu.

"Kwa nani, mama?"

"Binamu yangu. Jack."

Alilisikia jina likitoka na akatamani kulirudisha. Luteni aliliandika, akalipigia mstari. Umeme ulikawia kama dakika arobaini.

Uliporudi, korido ikaendelea. Na hatimaye, karibu na mwisho, yule mwenye masikio ya mpira alisimama mbele ya mlango mkubwa, muziki ukapanda, wenzake wakajipanga nyuma yake. Luteni akasogeza kiti. Mukasine akaacha kupumua. Mlango ukaanza kufunguka, mwanga mweupe ukatoka, na maandishi yakatokea kwenye kioo.

"Yanasemaje?" Luteni akauliza.

Manzi akasita. "Yanasema… itaendelea, Afande."

Kioo kikarudia chenga zake.

Luteni Rutayisire alizima televisheni kwa mkono wake. Alirudi mezani polepole, akageuza daftari ili Mukasine alione, ingawa hakuweza kusoma kwa jinsi macho yake yalivyojaa ukungu.

"Mama, nimekaa hapa tangu saa nne. Umeniambia watu wanashuka. Hakuna aliyeshuka. Umeniambia ni filamu kubwa. Mimi nimeangalia filamu, sikuzaliwa porini. Ile si filamu. Ni watu wanne kwenye korido." Akagonga daftari. "Hakuna mtu duniani atakayevuka mpaka, akaficha kitu kibovu kama hiki chini ya sombe, akabandika karatasi kumi na moja mji mzima, kwa ajili ya *kile*. Kwa hiyo kuna jambo ndani yake. Wametaja mlango wa saba mara tano. Mlango wa saba ni wapi?"

"Sijue, Afande."

"Baraza ni nani?"

"Sijue."

"'Tukishuka, tushuke sote.' Hayo ni maneno ya kwenye kaseti, Manzi ametafsiri mwenyewe. Mnashuka kutoka wapi?"

Mukasine akafungua mdomo kuapa tena, badala yake akaanza kulia. Hakulia kwa hofu. Alilia kwa sababu ya sikio lile lililobanduka. Miaka miwili mtu anaingoja, anakufa anaingoja, kumbe ni hii.

"Haikukuwa hivi," alisema katikati ya kwikwi. "Kaka yangu alinielezea. Haikukuwa hivi hata kidogo."

"Kaka yako yuko wapi?"

"Alipanda basi ya Ruhengeri. Mwezi wa kumi na moja."

Basi lile Luteni alilijua. Hapakuwa na mwanajeshi wa eneo lile asiyelijua.

"Alikuelezea nini?" akauliza hatimaye.

Akamsimulia. Alieleza kama Hitimana alivyomweleza, jikoni, wakichambua maharagwe: kwamba chombo kinakuja juu ya maji bila sauti, kikubwa kiasi kwamba kivuli chake kinafunika mji, na kuku wanaingia bandani saa sita mchana wakidhani ni usiku. Kwamba watu wote wanakimbia isipokuwa mama mmoja anayefua nguo, kwa sababu mikono yake ina sabuni na mtoto wake hana nguo nyingine. Kwamba wale wa nyota wanashuka kwa kamba za mwanga mpaka mbele yake, na yeye anaogopa mpaka mkojo unamtoka, lakini haachi kufua. Kwamba kitu cha kwanza wanachomwomba ni maji ya kunywa.

"Mule ndani," alisema, akionyesha televisheni iliyozimwa, "hamuna kuku. Hamuna mama. Hamuna hata kamba. Nilingojea, Afande. Na mi nilingojea kama weye."

Mvua ilipungua. Hapo Manzi akajikohoza mlangoni.

"Afande, naomba kusema."

"Sema."

"Hiyo filamu naijua."

Luteni akageuka na kiti chake.

"Mwaka juzi, Mbarara, kabla sijaja huku. Mwalimu wetu alituambia habari zake mwaka mzima. Walipoileta kwenye ukumbi tulitembea saa tatu kwenda kuiona. Ilikuwa hii hii. Korido hii hii, masikio haya haya. Na mwisho hashuki mtu. Watu walikasirika wakavunja viti."

"Uliijua tangu mwanzo?"

"Tangu lile baraza, Afande."

"Na umekaa kimya saa tatu?"

Kijana alitazama buti zake. "Niliogopa. Ukisema unaijua kaseti ya namna hii, utaulizwa umeijulia wapi."

Luteni alimtazama askari wake, kisha akamtazama Mukasine. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka. Alifunga daftari.

"Walivunja viti," alirudia, kama anayepima neno hilo. Kisha akazichukua zile karatasi tisa. "Mama, nakuamini. Lakini usidhani umemaliza. Unajua hizi zimefanya nini? Tangu Alhamisi familia ishirini na sita zinalala kwenye madarasa ya shule, chini pale. Wengine wamekimbilia Rubona, wengine wamevuka kwenda Goma kwa njia za porini. Mwanamke mmoja amejifungulia njiani. Mimi mwenyewe nimeongeza walinzi, na vijana wangu hawajalala siku tatu wakiingoja saa nane yako ya kesho."

Mukasine alikumbuka mkeka kichwani mwa Nyirahabimana. *Naenda.* Bibi yule hakujua kusoma, mtu alimsomea. Na yeye, mikono kwenye povu, akamtakia safari njema.

"Kesho saa nane," Luteni akasema, "utaweka televisheni yako kwenye kibaraza cha shule, mbele ya watu wote, na utawaonyesha hicho kitu. Utasimama uwaambie ni wewe uliyeandika. Kitambulisho chako kinabaki hapa mpaka nione umefanya."

Jumapili Mukasine hakula. Tangu saa saba watu walianza kukusanyika katika uwanja wa shule, na hakuna aliyeketi. Walisimama na vifurushi vyao mikononi, watoto wamefungwa migongoni, kila mmoja akiwa ameshachagua upande wa kukimbilia. Wengi hawakuitazama televisheni. Waliutazama mlima. Askari walikuwa wamezunguka uwanja, na Manzi alikuwa miongoni mwao.

Saa nane ilipogonga alisimama mbele yao. Alikuwa ameandaa maneno, yakampotea yote.

"Karatasi niliandika mimi," alisema kwa Kinyarwanda. "Mukasine, dada yake Hitimana. Hapana mtu anayekuja. Ilikuwa filamu. Nilitaka mje kuangalia filamu. Nisameheni."

Mwanamke mmoja mbele alianza kutetemeka midomo, na haikujulikana kama atalia au atamrukia. Mukasine akabonyeza deki.

Walianza kuangalia wakiwa wamesimama. Korido ikaja, wale weupe wakazungumza, Manzi akatafsiri kwa sauti ya juu. Baada ya nusu saa, wazee wawili wakakaa. Mfuniko wa sufuria ulipopita mara ya pili, mtoto akasema, "Kina uzi!" na mtu akacheka kicheko kifupi, akakizuia kwa mkono kama aliyefanya kosa kanisani. Mbarushimana wa kinu akasogea mbele, akasimama ameshika kiuno.

"Donc, ni hii tu?" akauliza.

"Ni hii tu."

"Nimelala na wanangu sita kwenye darasa, juu ya saruji, siku tatu, kwa ajili ya hii?"

"Ndiyo."

Alitaka kusema zaidi, lakini hapo radi ikapasuka juu ya mlima, kavu, karibu. Uwanja mzima uliinuka kwa mara moja. Vifurushi vilianguka, mama mmoja akamlalia mtoto wake kwenye tope, watu wakagongana mlangoni mwa darasa, na hata askari wawili walipiga goti na kukoki bunduki zao. Mukasine alijikuta chini ya meza ya televisheni, amekumbatia mguu wa meza hiyo, hajui alifikaje. Ilipita dakika nzima kabla mtu hajasema, "Ni mvua. Ni mvua jamani," na mvua yenyewe ikamthibitishia, ikashuka kwa kishindo.

Waliingiza televisheni ndani, lakini hakuna aliyetaka kuiwasha tena. Watu walikaa sakafuni wakipumua. Baadaye sana, mzee mmoja akauliza kutoka pembeni, "Na wale watu, mwishoni wanashuka?"

"Hapana, mzee," Mukasine akamjibu. "Hawashuki."

"Ashukuriwe Mungu," akasema mzee.

Jumatatu Manzi alimletea kitambulisho, akampa bila maneno mengi. Baadhi ya familia zilirudi nyumbani siku hiyo, nyingine zikabaki shuleni mpaka mwisho wa mwezi. Zilisema zimeshazoea kulala wengi pamoja, na kwamba ikiwa hawakushuka Jumapili hiyo, Jumapili bado ni nyingi. Jack alipopata habari kwamba jina lake limetajwa alilala nje ya nyumba yake wiki nzima. Hakuna aliyemfuata. Wiki ya pili alimtumia Mukasine ujumbe kwa mama mmoja wa biashara: sehemu ya pili imefika, na humo, anaapa, wanashuka kweli. Mukasine hakujibu.

Jumanne alikwenda Rubona kumtafuta Nyirahabimana. Alimkuta nyumbani kwa binti yake karibu na bandari, amekaa kwenye ule mkeka. Alimweleza yote, kuanzia karatasi mpaka radi, akapiga magoti kuomba radhi.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. "Wewe ulisema watashuka," alisema. "Sasa unasema hawashuki. Nani amekuambia?"

"Ilikuwa filamu, mukecuru. Mambo ya uongo."

"Mlima ule ni uongo? Basi la kaka yako lilikuwa uongo?"

Mukasine akainuka kutoka magotini. Alirudi mjini peke yake, kwa gari la mwisho kabla barabara haijafungwa.

Nyirahabimana alirudi mwenyewe wiki iliyofuata, kwa sababu maharagwe yake yalikuwa yameiva na mvua ingeyaozesha. Hakumsalimu Mukasine. Alipita mbele ya ua wake asubuhi na jioni, uso mbele, na wajukuu nao walifundishwa kupita hivyo. Mukasine alimwona akivuna, akianika, akiingiza ndani kila mawingu yalipojikusanya, na mara mbili alitaka kwenda kumsaidia akashindwa kuvuka ua. Ilikuwa wiki ya tatu, jioni, watu wakianza kufunga milango, aliposikia sauti ya bibi kutoka upande wa pili wa ua ikiuliza kama ana chumvi.

Akaenda kuichota.